Twende na twendeni: Kilithuania ninachofundishwa na mdogo wangu

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili sasa mjini Kaunas, Lithuania, kwa masomo, nami nimebaki hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nikimpigia simu kila Jumapili jioni mtandao unaporuhusu. Miezi michache iliyopita nilimwomba anifundishe Kilithuania kidogo, lakini nikamwambia salamu tuziache kwanza, kwa sababu salamu huisha kwa dakika moja, na mimi nilitaka kujua watu wa kule wanavyoalikana kutoka nyumbani.

Neno la kitabuni ni eikime, yaani "twende". Wenzake anaoishi nao, hata hivyo, husema zaidi einam, ambalo kwa sarufi ni "tunakwenda" tu, na mlio wa sauti ndio unaoligeuza kuwa mwaliko. Sikushangaa sana, maana hata sisi humwuliza mwenzetu "tunaenda?" tukiwa tumeshavaa viatu. Anayetaka kulainisha mwaliko hutanguliza gal, "labda": Gal einam į kavinę? Labda twende mkahawani? Ile į husomwa kama i ndefu, na kimkia chake ni kumbukumbu ya sauti ya puani iliyotamkwa zamani.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni neno eiva. Kilithuania cha zamani kilikuwa na umoja, uwili na wingi, na ingawa uwili umekaribia kutoweka katika mazungumzo ya kila siku, bado kuna eiva kwa watu wawili na eime kwa kundi. Mdogo wangu alikuwa ameandika hayo katika daftari lake kama jambo gumu la kukariri. Nilimkumbusha jinsi marehemu bibi yetu alivyokuwa akisema "twende" anapomchukua mjukuu mmoja, na "twendeni" anapotukusanya wote kwenda kanisani asubuhi. Mdogo wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yaya", yaani mkubwa wake, "kumbe nilikuwa nalijua!" Hesabu hazilingani kila mahali, nakubali, kwa kuwa sisi hatuna uwili wa kweli, lakini sikio linalotofautisha twende na twendeni limeshafanya nusu ya kazi.

Nusu ya pili ndiyo iliyoniaibisha. Siku moja mdogo wangu alimpa simu mwenzake wa chumba, Mlithuania, nami kwa ukarimu wetu nikamkaribisha kwetu: Einam į Bukavu! Alicheka, akauliza tutafika baada ya miezi mingapi. Kitenzi eiti, ambamo einam limetoka, ni kwenda kwa miguu. Anayepanda gari, basi au treni husema važiuojam, ambapo ž hutamkwa kama j ya Kifaransa katika "jour" na j hutamkwa kama y yetu; anayepanda ndege husema skrendam; na anayekwenda kwa meli au mtumbwi husema plaukiam, kitenzi kilekile cha kuogelea. Sisi tuna "kwenda" moja inayotupeleka popote, chombo tukakitaja baadaye tukipenda. Kwao ni lazima uamue safari itakuwaje kabla hujafungua kinywa, na nadhani hilo ndilo linalomchelewesha Mswahili kuliko matamshi yenyewe.

Baada ya hapo huja mahali pa kwenda, ambapo sisi hupachika -ni mwishoni na kumaliza. Soko ni turgus, na kwenda sokoni ni į turgų. Kanisa ni bažnyčia, na kwenda kanisani ni į bažnyčią. Jina lenyewe hubadilika mkia. Ziwa linahitaji uangalifu zaidi, hasa kwa mtu wa Bukavu anayeliona Kivu akifungua dirisha. Nilipotaka kusema "twende ziwani", nikiwa na maana ya kushuka ufukweni kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, niliandika Einam į ežerą, na mdogo wangu akanijibu kwamba hapo nimemwalika mtu kuingia majini. Ukitaka kusimama kando tu ni prie ežero. Kwa mtu, tofauti na mahali, wana neno pas, nalo halikunisumbua hata kidogo, kwa kuwa ni "kwa" yetu kamili, na "chez" ya Kifaransa: pas draugą, kwa rafiki.

Kuhusu heshima, mtu mzima haambiwi einam ghafla. Huulizwa Ar norėtumėte eiti kartu?, yaani kama angependa kwenda pamoja nawe, na kitenzi huwekwa katika wingi hata kama yuko peke yake. Akikubali kwa moyo atasema mielai. Akisema gal kitą kartą, labda siku nyingine, usingoje mlangoni.

Jumapili iliyopita nilituma mwaliko wangu wa kwanza ambao haukurudishwa na masahihisho: Gal plaukiam į Gomą? Labda twende Goma kwa meli? Niliuliza kwa nini Goma imepata mkia wakati Bukavu haikuguswa siku ile. Mdogo wangu alieleza kwamba jina linaloishia na a hubadilika kama neno lao wenyewe, ilhali linaloishia na u kama letu huachwa lilivyo. Kisha akaandika kwamba atakubali safari hiyo akirudi likizo, mradi nauli ya meli nilipe mimi.