Dawa ya mama ya Ijumaa

Mama yangu ana baridi yabisi, ile ya vidole kuvimba mikono yote miwili na asubuhi ngumi haifungiki mpaka jua lipande. Hapa Ngamiani kila aliyekuja kumjulia hali alisema ni upepo wa bahari. Jamani, ni kinga ya mwili wake mwenyewe inayoshambulia viungo, na kuchua kwa mafuta kulimpa nafuu ya usiku tu. Kukuna nazi kulimshinda kabisa, siku hizi mbuzi naikalia mimi.

Diklofenaki inatuliza maumivu, lakini kiungo kinaendelea kuliwa ndani kwa ndani, na ukiizoea inaweza kukutoboa tumbo na kuumiza figo. Prednisoloni inafanya kazi haraka, na hiyo ndiyo naiogopa zaidi: ukikaa nayo muda mrefu, sukari inapanda na mifupa inadhoofu. Daktari alimpa kidogo, ya kumvusha wakati tunasubiri dawa yenyewe ikolee.

Dawa yenyewe ni methotrekseti. Mama anameza vidonge 6 vya miligramu 2.5 kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Mara moja kwa WIKI. Mtu akiimeza kila siku, chembe za damu zinashuka, mdomo unajaa vidonda, na wapo waliokufa hivyo. Jumamosi anameza asidi ya foliki kupunguza madhara, na damu yake inapimwa mara kwa mara kuangalia ini na hizo chembe.

Jirani akamwambia, "Bibi, hiyo si dawa ya kansa?" Ni kweli inatibu kansa pia, ila kwa dozi kubwa mno kuliko hii. Mama akaingiwa na hofu, na nafuu yenyewe haionekani upesi, inataka wiki 6 hadi 12. Nikawa namwambia, "Vumilia mama, haijaanza kazi." Wengi huiacha hapohapo, na inaniuma, kwa sababu kiungo kikishapinda hakuna kidonge cha kukinyoosha.

Binti unayetafuta mtoto, usiiguse kabla ya kuongea na daktari, inadhuru mimba.

Na Septrin, ambayo tunainunua tu dukani mkojo ukichoma! Ikikutana na methotrekseti inaweza kushusha chembe za damu vibaya sana. Kabla ya kununua dawa yoyote, mwonyeshe muuzaji boksi la methotrekseti.