Meneja mkuu mwingine anakuja

Leo tumeambiwa meneja mkuu anahamishwa, anaenda hoteli nyingine ya kampuni hiyohiyo, nchi nyingine, na mkataba wake wa miaka 2 haujaisha hata. Mtu ndo kwanza ameanza kuwajua kwa majina stafu wa shifti ya usiku, basi, anafunga mabegi.

Mi ni naibu wake na niseme kabisa sina chuki na maekspati, hawa wageni wanaoletwa kazini kutoka nje kama yeye. Watu wanaona nyumba ya bure, tiketi za likizo, ada za watoto zinalipwa, wanadhani jamaa anakula raha tu. Hawajamwona kwenye kikao cha mwisho wa mwezi na mwenye hoteli. Maana hoteli nyingi kubwa, jina lililoandikwa pale juu siyo la mwenye jengo, kampuni inaendesha tu inachukua asilimia ya mapato na nyingine ya faida. Wala siyo mambo ya jana, Hilton ya San Juan, Puerto Rico, iliyofunguliwa 1949, jengo ilijenga serikali ya kule, wao wakaendesha. Sasa meneja ndo anabanwa katikati. Mwenye mali anataka mashuka yavumilie mwaka mwingine, kampuni inasema yaliyochakaa yatolewe, na ile akiba ya kubadilisha fanicha na vifaa, ambayo kawaida ni kama asilimia 4 ya mapato, kila mtu anaipigia hesabu zake. Siku moja bosi alikuja kikaoni na shuka, akalitandaza juu ya gazeti la mwenye hoteli akamwambia hebu soma, mzee, kama unasoma. Akasoma kichwa cha habari chote. Mashuka tukapata (nusu ya tuliyoomba, lakini tukapata).

Mke wa bosi ni mhasibu, na muda wote amekaa nyumbani maana kibali cha mwenza hakimruhusu kuajiriwa. Hilo huwezi kulikuta kwenye picha zao za LinkedIn.

Ila kinachoniuma mimi ni kingine. Kuna nchi nyingi ambazo kibali cha mgeni kinatoka kwa sharti kwamba yupo mwenyeji anaandaliwa kushika ile nafasi. Kwenye makaratasi yake huyo mwenyeji ni mimi, nilisaini, na ya aliyemtangulia nilisaini vilevile. Jioni hii utumishi wameniandikia nitume tena CV yangu, waiambatanishe kwenye maombi ya huyu anayekuja. Safari hii nimewauliza hayo maandalizi yangu yanaisha tarehe ngapi. Kimya. Na mi CV sijatuma.