Barometa yangu na kituo cha hali ya hewa: jinsi nilivyozipatanisha namba

Barometa yangu ya mshale, yaani kipimo cha kanieneo (mgandamizo) ya hewa, ilisoma hektopaskali (kizio cha kanieneo) 989 huku uwanja wa ndege wa jirani ukitangaza 1013. Nilidhani imekufa, kumbe nzima. Kituo hutangaza kanieneo ya hewa iliyorekebishwa hadi usawa wa bahari. Karibu na usawa huo, kila mita 8 hivi za mwinuko hupunguza hektopaskali 1, nami naishi kwenye mita 200 hivi.

Nikasubiri siku tulivu, nikagonga kioo kidogo kwa ukucha ili mshale ujiachie, kisha nikazungusha skrubu ya nyuma kwa bisibisi nyembamba hadi mshale usome namba ya kituo. Taratibu mno! Ukiikaza kidogo tu mshale unaruka. Sasa zinalingana, hata siku za mvua.

Ukiwa tropiki, mshale hupanda mnamo saa 4 asubuhi na kushuka saa 10 jioni. Hilo ni la kawaida, usiguse skrubu.