Gololi Ndani ya Bomba la Breki: Nilivyorudishiwa Fedha Zangu na Gereji

Ushauri niliopewa baada ya gereji kuniharibia breki za gari ulikuwa mwingi, na sehemu kubwa yake ilifanana na kazi ya yule fundi: ulitolewa haraka, kwa kujiamini, na mtu ambaye hangekuwamo ndani ya gari wakati wa kushuka mlima. Jirani yangu alisema nimwachie Mungu. Mwalimu mwenzangu alisema niwachongee kwa watu wa kodi. Mwingine alitaka nisambaze picha za gereji hiyo kwenye makundi ya WhatsApp, na shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye nitamrudia kwa kuwa anastahili, aliona dawa ni askari tu. Hakuna aliyeniuliza swali la maana kuliko yote: una ushahidi gani kwamba ni wao? Mimi ninafundisha utunzaji wa hesabu katika shule ya sekondari wilayani Lushoto, na kazi yangu ya kila siku ni kuwaambia watoto kwamba kisicho na maandishi hakikutokea. Kwa hiyo swali hilo nilijiuliza mwenyewe, tena mapema.

Gari lenyewe ni Toyota IST ya zamani, ambayo ilikuwa ikivuja mafuta ya breki kwenye tairi la nyuma upande wa kulia. Dalili zake zilikuwa wazi: ukingo wa ndani wa tairi ulikuwa umelowa, na mafuta kwenye kikopo cha breki yalikuwa yakipungua bila sababu nyingine. Nilikuwa Tanga mjini kwa shughuli za kikazi, nikalipeleka kwenye gereji moja iliyosifiwa na watu. Fundi alisema silinda ya tairi, kile kifaa kinachosukuma breki kwa nguvu ya mafuta, imekufa na kwamba angebadilisha hiyo pamoja na breki shuu, yaani vibao vinavyobana ili tairi lisimame, za pande zote mbili. Nililipa kama laki moja na nusu kwa simu, nikapewa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, imeandikwa "breki nyuma, imelipwa". Niliitunza karatasi hiyo. Watu hucheka ninapotunza karatasi za namna hiyo.

Kutoka Tanga hadi Mombo, kwa kupitia Muheza, Segera na Korogwe, sikuona tatizo lolote, na kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kupanda tu, kilomita zipatazo 33 ambazo mguu wako unakaa zaidi kwenye mafuta kuliko kwenye breki. Yeyote anayeifahamu barabara ile anajua kwamba gari bovu haliumbuki wakati wa kupanda. Liliumbuka siku chache baadaye nilipokuwa nikishuka na walimu wawili pamoja na tenga la mapeasi. Tulipopita Soni, kwenye zile kona zinazofuatana, pedeli ya breki ilizama karibu ifike sakafuni, na gari likavuta kulia, upande wa wanaopanda.

Nitaeleza kwa nini lilivuta kulia, kwa sababu jambo hili ndilo lililonisaidia baadaye kuzungumza na mafundi bila kudanganywa. Katika magari mengi madogo yanayoendeshwa na tairi za mbele, mafuta ya breki hugawanywa kwa mshazari: njia moja huhudumia tairi la mbele kushoto na la nyuma kulia, na njia ya pili huhudumia la mbele kulia na la nyuma kushoto. Njia moja ikipoteza mafuta, nyingine hubaki ikifanya kazi, lakini tairi la mbele linalofunga breki ni moja tu, na gari huelekea upande huo. Mafuta yangu yalikuwa yakivujia nyuma kulia, ndiyo maana mbele kushoto hapakuwa na breki kabisa. Nilirudisha gia kwenye L, ile gia nzito ya mlimani, nikaipiga pedeli mfululizo, nikapandisha breki ya mkono kidogo kidogo badala ya kuivuta kwa nguvu, na tukasimama mahali palipokuwa na nafasi pembeni. Mapeasi yalimwagika, ila walimu walikuwa wazima, ingawa mmoja hajapanda tena gari langu mpaka leo na simlaumu.

Tulimwita fundi mmoja mtu mzima kutoka Mombo, akaja kwa bodaboda na mfuko wake wa spana. Aliingia chini ya gari, akakaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, njoo uone mambo ya watu." Paipu ya chuma inayopeleka mafuta kwenye tairi la nyuma kulia ilikuwa imelowa pale inapoungana na mpira wa breki. Alishaanza kuilegeza nati nilipomwomba asimame. Hapo ndipo wengi wanapopoteza haki yao: gari likishafunguliwa bila shahidi, gereji ya kwanza itasema limechezewa na gereji ya pili, na huna la kujibu. Nilipiga picha za kikopo cha mafuta kabla hakijaongezwa kitu, nikampigia simu mwenyekiti wa kitongoji cha jirani ambaye mmoja wa wale walimu alikuwa anamfahamu, na tulimsubiri hadi alipofika, huku fundi akinung'unika kwamba jua linazama. Kisha mwalimu mwenzangu akaanza kurekodi kwa simu na nati ikafunguliwa.

Ndani ya kiungio kulikuwa na gololi, kijipira cha chuma cha ukubwa wa punje ya hindi. Yule fundi wa Tanga hakubadilisha silinda. Aliiacha ileile iliyokufa, akaziba njia ya mafuta kwa gololi ili yasiifikie, akafunga nati juu yake. Kwa siku chache gololi ilizuia, kisha ikauchubua mdomo wa paipu kwa shinikizo la breki, na mafuta yakaanza kutoroka. Tulipofungua dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki za tairi, tulikuta silinda yenye kutu, mpira wake wa vumbi umepasuka, na breki shuu kuukuu zilizolowa mafuta mpaka zimeng'aa. Vitu hivyo vyote viliingia katika picha, na mwenyekiti akaandika kwa mkono wake mistari michache kwamba ameshuhudia, akatia saini na saa. Ukipata mtu wa namna hiyo, mnunulie soda, usimpe fedha, maana fedha itakuja kusemwa kwamba ilikuwa ya kununua ushahidi.

Sasa nije kwenye jambo ninalojivunia kuliko mengine yote. Tulipokuwa tunasubiri spea ziletwe kutoka Mombo, kabla sijamwambia mtu yeyote wa Tanga kilichotokea, nilimwandikia ujumbe yule fundi wa kwanza, nikiwa nimekaa juu ya jiwe na mikono ikiwa bado inatetemeka: "Fundi, habari za kazi. Naandika daftari la matumizi ya gari. Naomba unikumbushe ulibadilisha nini nyuma kulia, na kama kuna mtu mwingine aliyeshughulika na hiyo kazi." Sikusema uongo hata kidogo, kwani daftari hilo ninalo tangu siku niliyonunua gari. Sikutaja mlima, sikutaja gololi, sikuweka hata alama moja ya mshangao. Jibu lilikuja upesi: ameweka silinda mpya, breki shuu mpya pande zote, na mafuta mapya. Kisha, kwa kuwa Mwenyezi Mungu humsaidia anayejisaidia, akaongeza ujumbe wa sauti akisema kwamba kazi ile ameifunga kwa mkono wake mwenyewe, hakuna mwingine aliyeigusa, na kwamba nikiwa na gari jingine nimpelekee. Niliusikiliza tena na tena kwa raha ambayo haikupaswa kuwapo katika siku kama ile. Ningetanguliza hasira asingeandika neno.

Usiku huohuo shemeji alisikia habari na akachukua hatua bila kuniuliza. Kwanza alimpigia mwenye gereji akamtishia jela. Kesho yake alikwenda mwenyewe pamoja na rafiki yake ambaye ni askari, siku hiyo akiwa amevaa kiraia, kwa imani kwamba wakiingia wawili wenye vifua vipana fedha zitatoka zenyewe. Kwa maelezo yake mwenyewe, walipokewa kwa heshima, wakaletewa chai na chapati, na mwenye gereji akawasikiliza mpaka mwisho kisha akasema kwa upole kwamba gari lilitoka pale likiwa zima na kwamba mafundi wa njiani ndio waliolichezea. Shemeji hakuwa na picha hata moja, kwa sababu picha zilikuwa kwangu. Yule askari, baada ya kuona hakuna kosa analoweza kulishika mkononi, aliuliza bei ya kubadilisha klachi ya pikipiki yake. Waliondoka wakiwa wamepunguziwa bei ya klachi. Shemeji alinishauri nisamehe, akaniambia kwamba yule mzee ni mtu muungwana sana.

Mimi nilikwenda Jumamosi asubuhi, wakati gereji imejaa wateja, nikiwa na bahasha yangu. Nilimsalimia mwenye gereji kwa heshima ya umri wake, shikamoo, nikakaa nilipoonyeshwa, na nikamwacha aseme yote aliyotaka kusema. Alirudia maneno ya mafundi wa njiani. Nilimuuliza kama ana hakika kwamba silinda mpya ilikuwamo gari lilipotoka kwake, akasema ana hakika. Nikamwonyesha picha ya silinda yenye kutu. Akasema basi wameiba ile mpya na kuweka ya zamani. Nikamwonyesha karatasi ya mwenyekiti, inayosema dramu ilifunguliwa mbele yake, kisha nikaufungua ule ujumbe wa sauti, na simu yangu, ambayo huwa naichukia kwa sauti yake kubwa, siku hiyo ilinifaa. Mwisho nikaiweka gololi mezani.

Fundi mwenyewe aliitwa. Badala ya kukana, alijitetea kwa maneno ambayo nadhani bosi wake hatayasahau: "Mwalimu, breki tatu zinatosha kabisa, mbona bodaboda ina mbili tu?" Alieleza kwamba silinda ya aina ile haikupatikana madukani siku hiyo na hakutaka kunichelewesha. Kwa nini basi nililipishwa silinda ambayo haikupatikana, hilo hakulieleza. Palikuwa na dereva wa Noah aliyekuwa anasubiri gari lake, akasikiliza yote, kisha akasimama na kuomba tairi zake za nyuma zifunguliwe aone kilichowekwa. Mteja mwingine naye akasogea. Nadhani ni hapo, wala si kwenye gololi wala kwenye sauti, ndipo mwenye gereji alipoona ni nafuu tuzungumze ndani.

Ndani alinipa pendekezo ambalo karibu kila mtu niliyemsimulia baadaye aliniambia ningelikubali: nilirudishe gari, kazi irudiwe bure, na sevisi juu yake. Nilikataa. Gari lilikuwa limeshatengenezwa na fundi wa Mombo, kwa silinda mpya, breki shuu mpya, mafuta mapya ya breki ya DOT 3 na kutolewa hewa kwenye breki za tairi zote nne, na hata kama lingekuwa bado, siwezi kumkabidhi tena breki mtu anayeamini kwamba tatu zinatosha. Nilimkabidhi barua ya madai, nakala mbili, moja asaini kwamba ameipokea. Nilidai fedha nilizomlipa, gharama za Mombo, na nauli. Sikudai fidia ya hofu wala ya mapeasi, kwa sababu dai lisilo na risiti huyachafua yale yenye risiti. Nilimpa wiki moja, na nikaandika kwamba baada ya hapo ningefungua madai Mahakama ya Mwanzo, ambako mtu anaweza kudai fedha zake mwenyewe kwa Kiswahili bila wakili, na kwamba nakala ingekwenda Tume ya Ushindani, chombo kinachosimamia pia haki za walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Sikuinua sauti. Mtu anayesoma barua hawezi kuibishia kwa kelele.

Kabla wiki haijaisha alinipigia, tukakutana ofisi ya serikali ya mtaa. Alijaribu kupunguza gharama za Mombo akisema fundi wa kule ni ghali, jambo ambalo lina ukweli kidogo, nikakubali kuacha nauli. Jumla ilifika kama laki tatu kasoro. Tuliandika makubaliano, mwenyekiti wa mtaa huo akagonga mhuri, na tukakubaliana alipe kwa awamu mbili kwa simu, si mkononi, ili kila awamu iache alama yake. Awamu ya kwanza ilikuja papo hapo. Ya pili ilichelewa, na kila Ijumaa nilimtumia ujumbe wenye salamu na picha ya ule mhuri, bila neno jingine, mpaka alipolipa.

Tangu wakati huo silipi fundi kabla sijakabidhiwa spea ya zamani mkononi, imechafuka hivyo hivyo, na fundi wangu wa Mombo amezoea kunifungia kwenye gazeti. Shemeji naye anaendelea vizuri. Kwenye kila shughuli ya familia husimulia jinsi fedha za shemeji yake zilivyorudi baada ya yeye kumpeleka askari kule Tanga kumtia mtu adabu.