Unalinganisha bei za supamaketi nne? Usiisahau safu ya bidhaa

Ukitaka kujua kama supamaketi ya Westlands, Nairobi, kweli ni ghali kuliko ya Umoja, mtaa mwingine wa jiji hilo, achana na jumla ya risiti. Chukua bidhaa 15 zilezile, kama vile unga wa ugali kilo 2, sukari kilo 1, maziwa nusu lita, mafuta lita 1. Chapa moja, ujazo mmoja, siku moja katika maduka yote manne.

Sasa, wengi huteleza hapa: wanafanya ANOVA (kipimo cha takwimu kinacholinganisha wastani wa makundi kadhaa) ya kigezo kimoja, maduka peke yake. Kiberiti na mafuta ya kupikia vinapishana kwa mamia ya shilingi, na pengo hilo lote linaingia kwenye masalio (tofauti za bei ambazo vigezo havijaeleza) na kuimeza ile tofauti ya shilingi tano kati ya maduka. F, yaani uwiano wa tofauti kati ya maduka na masalio, inatoka ndogo, mtu anatangaza eti bei ni sawa. Wapi! Ingiza bidhaa kama kigezo cha pili. Digrii huru (idadi ya thamani zilizo huru kubadilika) zinakuwa 3 za maduka, 14 za bidhaa, 42 za masalio. F ya maduka ikipita 2.83, kwa kiwango cha asilimia 5 (hatari ya kuona tofauti ambayo haipo), tofauti ipo.

Ni heri kwanza ugeuze bei kuwa logi (logarithm), maana faida huongezwa kwa asilimia, na logi hugeuza asilimia kuwa tofauti za kujumlisha. Halafu kipimo cha Tukey, kinacholinganisha maduka mawili mawili, kitaonyesha ni jozi zipi zinazotofautiana.

Bei za ofa ziandike kando. Sukuma wiki nayo ipime kwa mizani, hasa ukimwongeza mama mboga kwenye orodha. Fungu la asubuhi si la jioni.