Jinsi nilivyotatua: Blu-ray za kung fu zilizogoma kwenye deki ya "kanda zote"

Dalili: DVD za Shaw Brothers (studio ya filamu za kung fu ya Hong Kong) kutoka popote zinacheza, lakini Blu-ray (diski yenye picha kali kuliko DVD) ya Marekani inaleta ujumbe kwamba kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengewa, haifai. Kusafisha diski, kubadili kebo na kusasisha programu ya deki havikusaidia kitu.

Siri ni kwamba "kanda zote" kwenye boksi la deki ilimaanisha DVD peke yake, zile za namba 1 hadi 6. Blu-ray ina kufuli lake: A ni Amerika, Japani na Hong Kong, B ni Ulaya na Afrika, C ni China bara, India na Urusi. Deki ya kwetu huwa B.

Kilichofanya kazi ni deki iliyofunguliwa kufuli zote mbili, la DVD na la Blu-ray. Toa diski kwanza, chagua A kwa rimoti, zima, washa, ndipo uweke diski. Diski ikiwa ndani, badiliko halishiki.

Kabla ya kununua muulize muuzaji waziwazi: "Blu-ray A inacheza?" Kisha tazama upande wa nyuma wa kasha la filamu, herufi ya kanda mara nyingi iko hapo. Diski za 4K (zenye picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida) hazina kufuli, ila Blu-ray inayofungashwa nazo inaweza kuwa nalo.