Jani linavyoutambua mkia wa bakteria

Mmea hauna chembe nyeupe za damu za kuzunguka mwilini zikisaka vijidudu. Kila seli ya jani hujilinda yenyewe pale ilipo, na kwa ajili hiyo utando wake umepachikwa protini za upokezi, ambazo upande wa nje hupapasa nafasi iliyo baina ya seli na seli, na upande wa ndani hupeleka taarifa. Kinachotambuliwa si bakteria mzima, bali kipande kidogo tu cha mwili wake.

Mfano uliochunguzwa kwa kina zaidi ni wa flajelini, protini inayojenga mkia ambao bakteria huutumia kuogelea. Mwaka 1999 Georg Felix, Thomas Boller na wenzao walionyesha kwamba seli za mimea huitikia kipande chake chenye asidi amino 22 tu. Mwaka uliofuata Boller na Lourdes Gómez-Gómez walikitambulisha kipokezi chake, FLS2, katika Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya kabichi. Nionavyo mimi, ustadi wote umo katika kipande chenyewe: kimo mahali ambapo bakteria akipabadilisha ovyo, mara nyingi mkia hauundiki sawasawa naye hushindwa kuogelea. Hata hivyo, mkia ukiwa mzima kipande hicho hufichika ndani, na bakteria wengine huufunika mkia huo kwa sukari. Utafiti wa mwaka 2019 ulibaini kwamba Nicotiana benthamiana, ndugu wa tumbaku, hutoa kimeng'enya kinachoondoa sukari hiyo, hatua inayosaidia kipande kuachiliwa.

Kipande kikishikwa na FLS2, protini nyingine iitwayo BAK1 hujiunga nacho papo hapo. Ndani ya dakika chache kalsiamu humiminika ndani ya seli, hidrojeni peroksaidi huzalishwa nje ya utando, na jeni nyingi za ulinzi huamshwa. Vile vitundu vya jani vya kupitishia hewa navyo hufungwa.

Jaribio linaloniridhisha kuliko yote lilichapishwa mwaka 2004 na Cyril Zipfel na wenzake. Mimea isiyo na FLS2 iliponyunyiziwa Pseudomonas syringae juu ya majani, iliugua zaidi kuliko mimea ya kawaida. Lakini bakteria haohao walipoingizwa moja kwa moja ndani ya jani, tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo kipokezi hiki humzuia adui zaidi wakati anapoingia.

Bakteria nao wana mbinu zao. Ralstonia solanacearum, anayeleta mnyauko bakteria unaowatia hasara wakulima wa nyanya na viazi hapa Afrika Mashariki, ana flajelini iliyobadilika kiasi cha kutotambuliwa na FLS2. Asichoweza kukiacha ni EF-Tu, protini anayoihitaji ili kutengeneza protini nyingine zote, na Arabidopsis huitambua kwa kipokezi kingine, EFR, ambacho nyanya haina. Mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba wameihamishia nyanya jeni ya EFR, nayo ikaustahimili mnyauko huo vizuri zaidi. Nyanya na kabichi ni jamii zilizo mbali sana, lakini kipokezi hicho kigeni kilifanya kazi bila kuongezewa kitu kingine, kwa sababu protini za kupokea taarifa na kuipeleka mbele zilikuwa tayari zimo ndani ya seli za nyanya.